Kiti cha Leksasi Nyeusi

"Dokta, mbona umeng'ang'ania hilo jeupe tu? Hili jeusi nalo linakusubiri."

Sauti ya Injinia hiyo. Mimi nilikuwa chali juu ya kipande cha boksi, chini ya Landkruza nyeupe, tochi mdomoni, nagonga chasisi kwa bisibisi kutafuta kutu. Kazi yangu ni kukagua magari yaliyotumika kabla mtu hajatoa pesa yake, ndiyo maana wateja wakaniita Dokta. Injinia alikuwa mchumba wangu. Harusi ilibaki wiki tatu.

Lakini pale kwenye yadi sikuwa mchumba wa mtu. Asubuhi alinitumia meseji:

"Leo wewe ni fundi tu. Muuzaji akijua tunaoana atajua tuna haraka, atatukamua. Hakuna mpenzi, hakuna kushikana mikono. Sawa mama?"

Nikaona mwanaume wangu ana akili. Nikamjibu, "Sawa bosi," nikacheka peke yangu kama mwehu.

Tulitaka gari moja la maana, la kupeleka wapimaji ardhi porini. Ndiyo biashara ya kuanzia ndoa. Pesa ingetoka kwenye kiwanja alichoniachia marehemu baba, kitu pekee alichoniachia. Mnunuzi wa kiwanja alikuwa anangoja simu yangu tu ili tusaini.

Nikatoka chini ya gari, nikajipangusa.

"Hili ni zima," nikasema. "Kutu hakuna, injini haivuji. Lina mikwaruzo ya kawaida tu."

"Sawa, ila mwenzake ana hadhi."

"Injinia, hawa ni watoto wa baba mmoja. Chasisi ileile, injini ileile. Huyu Leksasi mweusi kapelekwa shule ya gharama tu, akarudi na viti vya ngozi na kitufe cha kujinyanyua na kujishusha. Sisi tunaenda kwenye matope. Springi ya kawaida ikikatika, fundi yeyote atanibadilishia. Ule mfumo wa kujinyanyua ukichoka nitamtafuta nani huko porini?"

"Wateja wakubwa wanaangalia unashuka kwenye gari gani."

"Wapimaji ardhi wanaangalia kama watafika."

Akainama karibu na sikio langu, akashusha sauti.

"Mama, niachie hili moja. Nimelipenda kwa jicho la kwanza. Si hata wewe nilikupenda hivyohivyo?"

Nani hapo asingelainika? Nikachukua vifaa vyangu nikahamia kwenye jeusi.

Mwenye yadi akaja na chupa ya maji baridi. Mwanamke mfupi, nadhifu, lundo la funguo mkononi. Wafanyakazi walimwita Madam.

"Kunywa maji, fundi. Jua kali."

"Asante Madam. Hili lilikuwa la nani?"

Akamtupia Injinia jicho, kidogo tu, kisha akarudi kwangu.

"La familia moja. Walilitunza sana."

Nikapitisha kidude changu cha kupima unene wa rangi. Boneti, sawa. Mlango wa dereva, rangi nene. Mlango wa nyuma yake, nene zaidi. Paa, nene kama ukuta. Gari halipakwi rangi kwenye paa bila sababu. Hili lilikuwa limepinduka.

Nikamtazama Injinia. Alikuwa kasimama kivulini mwa ofisi, kajifanya anasoma simu. Meseji ikaingia kwangu:

"Rangi isikutishe. Chagua jeusi. Naomba."

Sikuwa nimemwambia neno lolote kuhusu rangi.

Nikaingia ndani. Mimi hukagua kila kitufe, hata cha redio. Mlangoni mwa dereva kulikuwa na vitufe vitatu vya kiti, kila dereva huhifadhi mkao wake kwenye kimoja. Nikabonyeza namba moja.

Kiti kikarudi nyuma hadi mwisho, mgongo ukalala karibu kama kitanda. Usukani ukapanda juu. Kioo cha kushoto kikainama, kikaacha kutazama barabara, kikatazama tairi la nyuma.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikitukana kila mara Injinia anapoazima pikapu yangu, maana huirudisha na kiti kimelazwa hivyo na kioo cha kushoto kimeinamishwa hivyo. Anaogopa kukwaruza tairi kwenye ukingo wa barabara. Sijawahi kuona mtu mwingine anayeendesha gari amelala huku anachungulia tairi lake.

Warefu ni wengi, nikajiambia. Watu waoga wa kingo pia ni wengi. Moyo ukipenda huwa wakili mzuri sana. Nikageuka nyuma kukagua viti. Kwenye ngozi ya kiti cha nyuma kulikuwa na mashimo mawili yaliyobonyea, alama ya kiti cha mtoto kilichokaa pale muda mrefu.

"Madam!" nikaita. "Nisaidie kukanyaga breki niangalie taa."

Akapanda. Miguu haikufika chini, kiti kilikuwa kimekwenda mbali mno. Bila hata kutazama, huku anajifuta jasho, mkono wake ukaenda mlangoni ukabonyeza namba mbili. Kiti kikaja mbele, kikanyanyuka, kikamkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Sikwenda nyuma kuangalia taa. Nikasimama palepale mlangoni.

"Madam, namba mbili ni yako."

Akashtuka, kisha akacheka kwa aibu.

"Umenikamata, fundi. Ni gari langu. Mtu akijua ni la mwenye yadi hudhani lina siri."

"Na namba moja ni ya nani?"

"Ya mume wangu. Si huyo aliyekuleta?" Akashusha sauti kama tunapanga njama. "Aliniomba nijifanye simjui. Alisema fundi wa mteja akijua ni mume wangu, atahisi tumepanga bei."

Yaani kila mmoja wetu alipewa sehemu yake ya mchezo, na sote tuliicheza vizuri. Nilitaka kucheka.

"Mteja ni nani, Madam?"

"Sijui. Kampuni fulani ya wapimaji."

Nikatoa simu, nikamfungulia ile meseji ya asubuhi. Akaisoma. Akaisoma tena, kidole kikipita juu ya kila neno.

"Tunaoana?"

"Wiki tatu zijazo."

"Wiki tatu."

"Mtoto ana umri gani?" nikauliza.

"Minne." Kisha akasema, macho bado kwenye simu, "Alilipindua yeye hili gari. Mwezi wa sita. Alisema alikuwa anatoka kazini, nje ya mji."

Mwezi wa sita. Nilikumbuka vizuri. Injinia alikuja kwangu na shingo imefungwa, akasema ameteleza kwenye jengo, nikamlisha uji kwa kijiko kila mchana wiki nzima. Ilikuwa siku moja baada ya kwenda kujitambulisha kwa mama yangu.

"Hakuwa anatoka kazini," nikasema. "Alikuwa anatoka kwetu."

Madam akafunga macho. Alipoyafungua akaita, sauti yake imetulia kabisa:

"Baba, hebu njoo."

Injinia akaja na tabasamu la biashara. Alipotuona tumesimama vile, simu yangu mkononi mwa mkewe, tabasamu likamkauka usoni.

"Mke wangu, hili jambo nilitaka kukueleza."

"Unamwambia nani?" nikamuuliza. "Mimi au yeye?"

Akanigeukia mimi.

"Dokta, sikiliza. Biashara ilikuwa ya kweli. Ningekujengea maisha."

"Kwa kiwanja cha baba yangu? Unauza gari la mkeo ulilolipindua, unaniuzia mimi, halafu nikuendeshee?"

"Wewe ulikuwa unapenda mavyuma! Sikudhani utaangalia viti!"

Maneno hayo yalinichoma kuliko yote. Miaka miwili, na hakujua hata ninavyofanya kazi.

"Funguo za nyumba," Madam akasema, amenyoosha mkono.

"Mama, mbele ya watu?"

"Wakati unapanga kuoa hukuogopa watu. Funguo."

Alizitoa. Akatutazama kwa zamu, kama anayepima ni yupi atakayelegea kwanza. Hakuna aliyelegea. Akaondoka kwa miguu, akapita getini, mlinzi akampigia saluti kwa mazoea.

Tukabaki wawili. Nilitaka kumwambia pole, nikanyoosha mkono. Akarudi nyuma hatua moja.

"Usiniangalie kama dada yako, fundi. Najua huna kosa. Lakini leo siwezi kuwa dada wa mtu."

"Naelewa."

"Miaka saba namfulia mashati. Kumbe namfulia aende kwenu."

Nikakaa kwenye tofali, nikajaza karatasi ya ukaguzi maana ndicho kitu pekee nilichoweza kufanya bila kulia. Landkruza nyeupe: linafaa. Leksasi nyeusi: limepinduka, limepakwa rangi upya, lisinunuliwe. Nikasaini, nikamkabidhi.

Akaisoma.

"Jeupe hulichukui?"

"Kwako, Madam? Siwezi."

"Hata mimi nisingeweza kukuuzia."

Nikatoka. Nje ya geti nikampigia mnunuzi wa kiwanja, nikamwambia siuzi tena. Akalalamika, nikakata. Kisha nikampigia mama. Alipokea akiwa na furaha, nyuma yake cherehani ikinguruma.

"Mwanangu! Nguo za mashangazi zimebaki mbili tu. Mmepata gari?"

"Mama, ana mke."

Cherehani ikanyamaza.

"Nani?"

"Injinia, mama. Ana mke na mtoto wa miaka minne. Ile ajali aliipata akitoka kwako."

Nikasikia anavuta pumzi. Nilingoja anilaumu, aniulize nilikuwa wapi miaka miwili yote, mimi ninayejua kuona gari lililopinduka. Nilikuwa tayari, maana mwenyewe nilishajiuliza. Nikaanza kulia barabarani, na ovaroli yangu ya mafuta, watu wanapita wananitazama.

"Kadi zimeshakwenda, mama. Ukoo mzima unajua. Nitawaambia nini watu?"

"Wewe huwaambii kitu," mama akasema. "Njoo nyumbani. Watu niachie mimi."