Jibu la Waziri Najma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Najma humsaidia mama yake kufungua kibanda chao cha khanga na vitenge pale Kariakoo. Mama Badria hufungua mizigo, Najma hutundika. Alhamisi ile mikono ya Najma ilikuwa kwenye khanga, lakini akili yake ilikuwa bungeni.

“Mheshimiwa Spika,” alisema kwa sauti nzito, “napenda kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo!”

“Mheshimiwa Waziri,” Mama Badria akamjibu, “khanga hiyo umeitundika kichwa chini miguu juu. Wateja watasomaje jina lake? Wasimame kwa vichwa?”

Wauzaji wa jirani wakaangua kicheko. Najma naye akacheka, akaigeuza khanga. Kisha akamshika mkono Mgeni, binti wa mama yake mdogo waliyekuwa wakiishi naye, wakaelekea mtaa wa Gerezani iliko shule yao. Mgeni alikuwa darasa la pili. Asubuhi hiyo alikuwa ameacha tena kikombe chake cha chai bila kukigusa, na alipoulizwa alisema hana kiu. Najma hakulijali hilo. Waziri ana mambo makubwa ya kufikiria kuliko kikombe cha chai.

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Mwalimu Polycarp, anayefundisha Uraia na Maadili, alianzisha Bunge la Wanafunzi pale shuleni. Mbunge wa darasa akiona jambo haliendi sawa, huandika swali na kumpelekea Spika siku ya Jumatatu. Waziri anayehusika hupewa swali hilo, huenda kuangalia hali ilivyo, huandika jibu, na Alhamisi hulisoma mbele ya wote, kwa kuwa Ijumaa wengi huwahi msikitini. Baada ya hapo swali na jibu hubandikwa kwenye ubao wa matangazo, kila apitaye asome.

“Maneno ya mdomo hupeperuka,” Mwalimu Polycarp alipenda kusema. “Waziri aliyeulizwa kwa maandishi na kujibu kwa maandishi hawezi kuamka kesho akasema hakusema.”

Najma wa darasa la sita alikuwa Waziri wa Afya na Usafi. Kazi hiyo aliipenda, tena aliipenda kupita kiasi. Hasa alipenda wabunge wanavyogonga madawati kumshangilia waziri aliyejibu vizuri. Akigongewa madawati Alhamisi, furaha yake hufika hadi Jumapili.

Swali la wiki hiyo lilitoka kwa Caroline wa darasa la tano, aliyewasemea pia watoto wa madarasa ya chini. Lilikuwa fupi: “Je, ni lini Wizara itaweka makomeo kwenye milango ya vyoo vya wasichana wa madarasa ya chini?”

Sasa tuseme ukweli. Kutoka darasa la sita hadi kwenye vyoo vile si safari. Ni kuzunguka tangi la maji tu, basi. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, nyuma ya tangi kulikuwa na tope, na soksi za Mheshimiwa Waziri zilikuwa nyeupe pe. Badala ya kwenda, alimtafuta Hashimu, Naibu Waziri wake, akamkuta anakula mihogo na kachumbari.

“Hashimu, yale makomeo ya vyoo vya wadogo yameshawekwa?”

“Mwalimu Mkuu alishayanunua. Nadhani fundi ameshayaweka.”

“Unadhani, au ameshayaweka?”

“Ah, Najma, na wewe! Ameshayaweka, nadhani.”

Najma akachukua kalamu, akaandika kwamba yameshawekwa. Neno “nadhani” hakuliandika.

Alhamisi alasiri ukumbi ulijaa. Bhoomi, aliyekuwa Spika, alimwita Waziri wa Afya na Usafi. Najma alisimama, akanyoosha tai, akasoma kwa madaha.

“Mheshimiwa Spika, Serikali yetu sikivu inawajali wasichana wote, wakubwa kwa wadogo. Napenda kulijulisha Bunge lako tukufu kwamba makomeo yote yameshawekwa, na vyoo vinafungika vizuri.”

Madawati yaligongwa hadi vumbi likaruka. Caroline, msichana mwembamba mwenye sauti ndogo, alinyoosha mkono kuomba swali la nyongeza.

“Mheshimiwa Spika, je, Mheshimiwa Waziri yuko tayari kuongozana nami baada ya kikao hiki, akajionee mwenyewe?”

Najma alijiuliza: Kwa nini huyu anauliza hivi? Lakini ukumbi mzima ulikuwa unamtazama, na ulimi ukatangulia.

“Mheshimiwa Spika, namshauri Mheshimiwa Mbunge awe anatembelea jimbo lake, asije hapa kuuliza mambo yaliyokwisha!”

Weee! Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Watoto wa kiume wakapiga miluzi. Caroline alikaa taratibu, akainamisha uso. Jioni ile jibu la Najma, kwa mwandiko wake mzuri na jina lake chini, lilibandikwa ubaoni.

Kumbe ubao ule haukusomwa na wanafunzi peke yao. Tangu milango ikose makomeo, mwalimu wa darasa la pili alikuwa akiwaruhusu wasichana kwenda chooni wawili wawili, mmoja aingie, mwingine amshikie mlango. Jumatatu asubuhi aliwaambia utaratibu huo umekwisha.

“Makomeo yameshawekwa, nimesoma ubaoni. Kuanzia leo kila mtu aende peke yake. Mambo ya kupiga soga njiani hakuna tena.”

Kabla ya saa ya chakula Najma aliitwa. Alimkuta Mgeni amesimama nje ya darasa, amejibana ukutani. Sketi yake ilikuwa imelowa, na soksi zake zilikuwa zimelowa pia. Ndani, wenzake walikuwa wakicheka kile kicheko cha kubana midomo.

“Mpeleke mdogo wako akajisafishe,” mwalimu alisema kwa huruma. “Sijui amepatwa na nini. Alitoka, akarudi, kisha haya yakamtokea pale pale kwenye dawati.”

Wakazunguka tangi la maji. Najma aliiona milango kabla hajaifikia. Hakuna hata mmoja uliokuwa na komeo. Yalikuwepo matundu tu ya skrubu za zamani, na upepo ulikuwa ukiifungua milango na kuibamiza. Hatua chache tu kutoka kwenye milango hiyo, wavulana walikuwa wakicheza mpira.

“Mgeni, mbona hukumwambia mwalimu kwamba hakuna komeo?”

Mgeni alikuwa na kwikwi ya kulia. “Si wewe ulisema lipo! Wote wakagonga madawati. Nikaja nikalitafuta, dada. Nikalitafuta huku na huku sikuliona. Nikajua ni mimi tu sijui linavyofungwa.”

Najma alichota maji kwenye tangi, akaanza kumwosha miguu.

“Na chai,” aliuliza baadaye kwa sauti ya chini, “ndiyo maana huinywi?”

Mgeni akaitikia kwa kichwa.

Ipo aibu ya kuteleza mbele za watu, ukainuka, ukajipangusa, mkacheka wote. Hii haikuwa hiyo. Najma alitamani ardhi ipasuke immeze. Alivua sweta lake, akamfunga Mgeni kiunoni, wakakatiza uwanja. Walipofika kwenye ubao wa matangazo, Najma aligeuza uso upande wa pili, kwa maana jina lake lilikuwa pale, limeandikwa kwa maringo.

Jioni nyumbani, Mama Badria aliinama juu ya beseni akifua ile sketi. “Mtoto wa miaka minane kujikojolea darasani!” alisema. “Nani wa kulaumiwa hapa?”

Jina la Hashimu lilimjia Najma mdomoni. Lilikuwa tayari kabisa, limebaki kutamkwa tu. Akalimeza.

“Ni mimi, mama,” alisema, akaeleza yote: tope, soksi, nadhani, madawati. Ya Caroline pia hakuyaficha.

Mama Badria hakufoka. Afadhali angefoka. Aliikamua sketi, akaitandaza kwenye kamba, ndipo akasema, “Mteja akinirudishia kitenge chenye tundu, nimcheke, nimwambie akakitazame vizuri?”

“Hapana, mama.”

“Basi wewe umemcheka mtu aliyekuwa akimsemea mdogo wako.”

Najma akafuta machozi. “Naweza kufanya mpango makomeo yawekwe kesho asubuhi na mapema. Hakuna atakayejua.”

“Mgeni atajua,” Mama Badria akasema, akaingia ndani.

Jumanne Najma alimwendea Mwalimu Polycarp kabla kengele haijagongwa.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, Mheshimiwa.”

Neno hilo, ambalo siku zote lilimfurahisha, lilimchoma. Alisimulia tena yote, bila kutafuta kisingizio. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akampeleka stoo. Makomeo yalikuwa pale kwenye rafu, ndani ya boksi ambalo halijafunguliwa. Hashimu alipoitwa alitazama chini. Alikuwa ameagizwa akamwite fundi, akasahau, na alipoulizwa na Najma akaona haya kusema amesahau.

Fundi Bakili alikuja mara moja na bisibisi yake. “Karakana yangu iko hapo tu, ng’ambo ya barabara ya mabasi ya mwendokasi,” alisema. “Mngeniita tangu siku mliyoyanunua, leo tungekuwa tunazungumza mengine.” Najma alisimama katikati ya tope akimshikia skrubu mpaka kazi ikaisha.

“Mwalimu, sasa tulibandue lile jibu,” aliomba.

“Hapana. Litakaa mpaka Alhamisi. Walilisikia wote, na wote watakusikia ukilisahihisha.”

Jumatano nzima Najma alipita mbele ya ubao ule ameinamisha kichwa. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, lakini kurudi kwake kulikuwa kurefu.

Alhamisi ilipofika alisimama bila madaha yoyote. 

“Mheshimiwa Spika, naomba kufuta jibu langu la wiki iliyopita. Nilisema makomeo yameshawekwa. Hayakuwepo. Sikwenda kuangalia. Mheshimiwa Caroline alikuwa anasema kweli, nami nikamdhihaki mbele yenu. Namwomba radhi. Nawaomba radhi wadogo zetu, na mwalimu wao niliyempotosha. Makomeo yaliwekwa Jumanne. Nimefunga na kufungua kila moja kwa mkono wangu.”

Hakuna dawati lililogongwa. Kutoka nyuma mtu alisema, “Waziri mwongo!” na wachache wakacheka. Masikio ya Najma yaliwaka moto, lakini hakukaa.

“Utulivu!” Bhoomi aliamuru. “Mheshimiwa Caroline, una swali la nyongeza?”

Caroline alisimama. “Sina, Mheshimiwa Spika. Nimemsamehe. Na makomeo nilikwenda kuyaangalia mwenyewe asubuhi.”

Wengine walipotoka, Najma alibaki, tai yake mkononi. “Mwalimu, nijiuzulu?”

“Swali la Jumatatu nani atalijibu?” Mwalimu Polycarp aliuliza, akavuta kiti akakaa. “Sikiliza, Najma. Wabunge kule Dodoma hawaandiki maswali ili mawaziri waonyeshe ufundi wa kuzungumza. Mbunge anapouliza habari za kisima au zahanati, nyuma yake kuna mtu ambaye hawezi kufika pale. Yule mtu ndiye anayejibiwa. Wewe ulidhani unapambana na Caroline, kumbe ulikuwa unamjibu Mgeni.”

Najma alikaza macho sakafuni.

“Tena jibu la mkubwa halikai mahali pamoja. Mwalimu wa darasa la pili alikuamini, akawaondolea watoto hata ule msaada mdogo waliokuwa nao. Kwa hiyo ukiulizwa, nenda kaone kwanza. Kama hujui, sema hujui. Ukikosea, kiri mbele ya wale wale uliowakosea, kama ulivyofanya leo. Huko ndiko kuwajibika.”

Kabla hajajibu, Mgeni alichungulia mlangoni. “Shikamoo, mwalimu. Dada, nisindikize chooni.”

“Lakini komeo sasa lipo, Mgeni. Umeliona.”

“Nimeliona. Nisindikize tu.”

Najma alimgeukia mwalimu, macho yamejaa machozi. Mwalimu Polycarp akamwitikia kwa kichwa, kwa upole. “Fundi alimaliza kazi yake asubuhi moja,” alisema. “Kuaminiwa tena hakuna haraka hiyo. Nenda naye, na kesho uende naye, mpaka siku atakayosema basi.”

Wakazunguka tangi la maji. Mgeni aliingia, na Najma akasikia komeo likisukumwa kwa ndani.

“Dada, upo?”

“Nipo.”



“Upo kweli?”

“Nipo, Mgeni,” Najma alisema, akaugonga mlango taratibu kwa kiganja ili mdogo wake amsikie yuko karibu. “Nipo kweli.”