Mlango Uko Wazi

Kila jioni Kiranja alimchua mama yake mgongo, na kila jioni alinuna. Kiranja lilikuwa jina la utani lililomfuata kutoka shuleni, kwa jinsi alivyopenda kusimamia wenzake.

"Umechelewa tena kutoka ghalani," alisema. "Nani alikushika?"

"Hakuna aliyenishika, mwanangu."

"Basi umejitakia."

 Kesho yake mama alishindwa hata kuinama kufunga viatu, lakini kazini alienda hivyo hivyo. Jioni Kiranja akampelekea dawa huko ghalani. Alimkuta na wenzake, jasho linawatiririka, maboksi yamefika darini. Msimamizi akaingia, mpole kama mwenye nyumba anayekaribisha wageni.

"Mama zangu, kuna lori moja la ziada. Simlazimishi mtu. Mlango uko wazi."

Kumbe wanaulizwa kwa adabu kabisa, Kiranja aliwaza. Aliyetoka ni mmoja tu, rafiki wa mama waliyemwita Mcheshi. Mtoto wake alikuwa na homa. Msimamizi alimuaga vizuri, akamtakia mtoto afya njema. Mama aliinua boksi huku ameuma meno.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Kiranja alimbebea mama mfuko hadi getini, vibarua walipopangwa mstari kuchaguliwa kwa kidole. Kidole kilipofika kwa Mcheshi, kikamruka.

"Leo tumejaa, dada. Pole sana."

Mcheshi akajitoa mstarini, akasimama pembeni. Kiranja aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Mama akatoka kwenye mstari, akasimama kando ya rafiki yake. Akafuata mwingine, kisha wote. Lori lilikuwa linapiga honi. Msimamizi alitazama lori, akawatazama wanawake, tabasamu likamfutika usoni.

"Ingieni wote," alisema. "Lakini nimewaona."

Jioni Kiranja alichua mgongo uleule, umevimba kuliko jana.

"Mama, nisamehe. Nilisema umejitakia."

"Hata msimamizi husema hivyo," mama alijibu. "Hiari, mwanangu, ni kusema hapana leo, na kesho ukaikuta nafasi yako. Kama kesho hutaikuta, umelazimishwa, hata ukiombwa kwa sauti tamu. Leo tumepona kwa sababu tulitoka pamoja. Kesho sijui."

Kiranja akawakumbuka wenzake darasani. "Asiyetaka kufagia aende tu," huwa anawaambia, huku ameshika kalamu ya kuandika majina. Alijiona kama msimamizi mdogo, na hakujipenda. Akaendelea kuchua taratibu, bila kununa.