Bamba Lililorudisha Risasi

Tekla alikuwa fundi wa kuchomelea, Chang'ombe. Alitengeneza mageti na nondo za madirisha. Asiye na miwani ya kinga hakuingia karakanani kwake. Hata mumewe alikuwa amefukuzwa mara mbili.

Jumamosi moja mchana mumewe, Ansbert, alirudi kutoka mazoezi ya shabaha. Alikuwa mlinzi wa kampuni. Chini ya jicho lake la kulia palikuwa na bandeji, na kola ilikuwa na damu.

"Baba Lusungu, nani kakupiga?"

"Hakuna. Risasi imegonga chuma, kipande kikarudi. Daktari kakitoa."

"Miwani ilikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunajaribu tu. Raundi mbili tatu."

"Mlikuwa mnajaribu upofu?"

Ansbert alicheka, kisha akashika shavu. Tekla hakucheka. Nani atampa silaha mlinzi mwenye jicho moja?

Jumatatu walikwenda pamoja uwanja wa shabaha, Pugu. Mkufunzi, mzee Mwinjuma, alikuwa akifagia maganda ya risasi. Tekla hakutoa shikamoo.

"Mzee, nyie mnafundisha watu kulenga au kujiumiza?"

"Siku hiyo nilikuwa msibani Boko," Mwinjuma alijibu. "Niliwaachia walinzi ufunguo, wakapiga bila mkufunzi. Hilo ni kosa langu. Njoo uone kosa la pili."

Alimwonyesha bamba la chuma lililopakwa rangi nyeupe. Tekla alipitisha kidole juu yake. Chini ya rangi alihisi alama za kuchomelea. Alizijua. Zilikuwa zake.

Mwezi uliopita Ansbert alimletea bamba lenye vishimo. Alisema ni la kazini. Tekla aliviziba, akalisawazisha kwa grainda, akapaka rangi. Hakuuliza la kazi gani.

Alimgeukia mumewe. "Ulijua ni la shabaha?"

"Nilijua. Nikaona litapendeza."

"Litapendeza! Na mie fundi mzima nikakutengenezea!"

Mwinjuma alisubiri wanyamaze. Kisha akaeleza.

"Risasi ikigonga chuma kigumu kilicho bapa, hupasuka. Vipande vingi huruka pembeni. Ikigonga kwenye kishimo, vipande huweza kumrudia mpigaji. Hiki ni chuma laini cha mageti, kinabonyea. Kuziba vishimo hakusaidii. Hata chuma kigumu, moto wa kuchomelea hukilainisha. Bamba lenye vishimo halirekebishwi, fundi. Linaondolewa."

"Na umbali?"

"Mwulize mumeo alisimama wapi."

"Hatua tano," Ansbert alisema, akitazama viatu vyake.

"Kwa bastola, isiwe chini ya mita kumi. Mie nataka kumi na tano. Bunduki ya rifle ni mita mia. Risasi zenye kiini cha chuma haziruhusiwi hapa."

"Wanaotazama nao wanavaa miwani?"

"Wote. Hata anayetuletea maji."

Tekla alivuta pumzi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bado umekasirika?"

"Sana."

Siku hiyohiyo alilikata bamba lile vipande vinne, asije mtu akalitumia tena. Mwinjuma aliagiza bamba la chuma kigumu cha shabaha. Tekla alitengeneza fremu, akalining'iniza bamba kwa minyororo bila kulichomelea popote. Upande wa juu aliuinamisha kidogo kuelekea kwa wapigaji, ili vipande vielekee chini. Nyuma yake palikuwa na tuta refu la udongo.

Kidonda kilipopona, Ansbert alirudi mazoezini. Mwinjuma mwenyewe alisimamia. Jioni Ansbert aliweka miwani mezani. Kioo cha kulia kilikuwa na mkwaruzo mpya.

"Kipande?" Tekla aliuliza.

"Kipande. Mita kumi na tano, bamba jipya, kila kitu sawa. Kimoja tu kikafika."

Tekla aliipeleka miwani dirishani. Mkwaruzo ulikuwa katikati, pale pale penye mboni.

"Hii haivaliwi tena. Kesho unanunua nyingine."

"Bado umekasirika, mama Lusungu?"

"Sana," alisema Tekla. Akamtazama machoni, la kulia kwanza, kisha la kushoto.