Gari Lililomkataa Mama Mkwe

Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, Kinyozi alifunga kibanda chake mapema. Alivua aproni, akajipukuta nywele za watu, akaenda nyumbani kumchukua mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa amevunjika mguu. Plasta ilikaa wiki sita. Ilipotolewa, goti lilikuwa limekaza kama bawaba yenye kutu.

"Mazoezi mara mbili kwa wiki," daktari alisema. "Ukikosakosa, goti litabaki hivyo hivyo."

Mama mkwe hakuwa mtu wa kukosa. Kwa miaka thelathini alikuwa mtunza muda kiwandani. Aliandika nani ameingia saa ngapi na nani amechelewa kwa dakika ngapi. Alistaafu, lakini kalamu yake haikustaafu. Hata kwa binti yake aliendelea kuandika kila kitu kwenye daftari: maji yalipokatika, chai ilipochelewa, mkwe wake aliporudi.

Kinyozi alimheshimu sana. Kwa kweli, alimwogopa. Akiongea naye alitazama chini, na wakiwa garini alitazama barabara tu.

Kumpandisha garini ilikuwa kazi, maana kwa heshima mama mkwe hakukaa mbele kando ya mkwe wake. Kiti cha abiria cha mbele kilisukumwa hadi mwisho, karibu kigonge dashibodi. Hapo nyuma yake ilipatikana nafasi ya ule mguu usiokunjika. Mama mkwe aliingia, akafunga mkanda, akafungua daftari.

Jumatatu ya kwanza walifika kwenye matuta karibu na shule. Gari likaruka kidogo. Mara likaanza kulia: tii, tii, tii! Taa nyekundu ya mkanda ikawaka.

"Mama, naomba ufunge mkanda," Kinyozi alisema kwa upole.

"Nimefunga tangu nyumbani."

Kinyozi akatazama vizuri. "Samahani, mama. Gari linasema ni abiria wa mbele ndiye hajafunga."

Mama mkwe alichungulia kiti cha mbele. Kilikuwa kitupu.

"Basi mwambie afunge," alisema, akaandika.

Kwenye tuta la pili gari lilizima kabisa, katikati ya barabara. Nyuma yao madereva walipiga honi kama wako harusini. Kinyozi aliwasha mara tano bila mafanikio. Ya sita likawaka, likaenda kama vile halijafanya kosa lolote.

Jioni ile alimwita shemeji yake, mdogo wa mwisho wa mke wake. Watu walimwita Injinia. Hakuwa amesomea ufundi, ila hakuwahi kukiri kwamba kuna kitu asichokijua.

Injinia alifungua boneti, akainua kidole, akasikiliza.

"Betri," alisema.

Wakabadilisha betri. Alhamisi gari likazima palepale.

"Basi ni plagi."

Wakabadilisha plagi. Jumatatu likazima.

"Altaneta hiyo, shemeji, haichaji betri. Nilitaka kusema tangu mwanzo."

Wakabadilisha altaneta. Alhamisi halikuwaka kabisa. Injinia alikuta fyuzi moja imekatika. Akaitoa, akapachika nyingine kubwa zaidi.

"Hii haitakatika hata radi ipige," alijisifu. Jumatatu likazima tena.

Mara mbili walilipeleka gereji, Injinia akikaa kiti cha mbele kwa raha zake, miguu ameinyoosha. Mara zote mbili gari lilitulia kama mtoto aliyefikishwa kwa mwalimu mkuu. Fundi wa pale alilizungusha, akalirudisha.

"Halina tatizo hili. Labda dereva."

Nyumbani, Kinyozi alimnong'oneza mke wake jikoni.

"Nimegundua jambo. Gari linazima akipanda mama tu."

"Unataka kusema mama yangu ana mkosi?"

"Sijasema."

"Umesema kwa macho."

"Mguu ndio mbovu," sauti ilitoka chumba cha pili. "Masikio ni mazima."

Kinyozi alitamani sakafu ipasuke immeze.

Baada ya hapo mama mkwe hakutaka kupanda gari. Jumatatu alisema amechoka. Alhamisi alisema kuna mawingu. Asubuhi ile Kinyozi alipita mlangoni kwake, akamwona ameketi kitandani, ameshika goti kwa mikono miwili, anajaribu kulikunja mwenyewe. Halikukunjika. Mama mkwe alifuta macho kwa ncha ya khanga. Kinyozi aliondoka kwa kunyata.

Kibandani alimkuta mteja anamsubiri. Alikuwa jirani yake, mwanamke mwenye karakana ndogo nyuma ya kibanda. Kazi yake ilikuwa umeme wa magari, na wote walimwita Fundi. Alipenda nywele fupi, zisinaswe akiinama chini ya dashibodi.

Kinyozi alianza kunyoa upande wa kushoto. Kwa kuwa alikuwa na uchungu, alisimulia yote.

"Ngoja kwanza," Fundi alisema. "Mmebadilisha vitu vitatu. Nani alipima kwamba vilikuwa vibovu?"

Mashine ikasimama hewani. "Hakuna aliyepima."

"Basi mlikuwa mnabahatisha. Tatizo linalokuja na kwenda halitibiwi kwa kubadilisha vipuri. Linaviziwa. Lazima ujue linakuja lini, wapi, na mnafanya nini wakati huo. Kuna mtu ameandika?"

Kinyozi alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Dada yangu, kuandika tu ndiko tulikonako."

"Twende." Fundi aliinuka, akajifuta shingo.

"Lakini kichwa chako! Nimenyoa upande mmoja!"

"Kichwa hakizimiki barabarani, kaka. Twende."

Mama mkwe alimpokea mgeni, akamtazama upande wenye nywele, akamtazama upande usio na nywele. Alimpa daftari. Fundi akasoma kwa sauti:

"'Jumatatu, saa tatu na dakika tano. Tuta la kwanza, mlio wa mkanda. Tuta la pili, gari limezima. Alhamisi, saa tatu na dakika saba. Tuta la kwanza, mlio. Tuta la pili, limezima. Mkwe amesema neno ambalo sitaliandika.'"

Kinyozi alikohoa.

"Mama, wewe ni fundi," Fundi alisema. "Umeniokolea siku nzima. Linatokea gari likitikisika, mlio unatangulia, na ni siku zako tu. Je, siku hizo kuna kitu gani garini ambacho siku nyingine hakipo?"

"Mimi," alisema mama mkwe kwa sauti ndogo.

"Zaidi yako?"

Wakatoka nje kwenye gari.

Fundi alianza na mambo mepesi. Alishika vichwa vya betri kuona kama vimelegea. Vilikuwa imara. Alipima betri kwa mita yake. Ilikuwa nzima. Kisha akachomeka kifaa kidogo chini ya usukani.

"Gari la siku hizi lina kompyuta," alieleza. "Likiumwa, linaandika, kama mama hapa. Linasema kuna hitilafu kwenye njia ya umeme ya kiti cha mbele, na kwenye njia ya pampu ya mafuta. Lakini sikilizeni. Halisemi kiti kibovu wala pampu mbovu. Linataja njia tu. Ukikimbilia kununua pampu mpya, umebahatisha tena."

Akawasha injini. "Sasa pangeni kila kitu kama siku ya mazoezi."

Kinyozi alisukuma kiti cha mbele hadi mwisho. Mama mkwe akasaidiwa kuingia, akanyoosha mguu. Fundi alishika gari mlangoni, akalitikisa kwa nguvu zake zote.

Tii, tii, tii! Injini ikakohoa, ikazima.

"Limezima!" Kinyozi alipiga makofi. Mke wake alitoka ndani mbio akapiga kigelegele. Jirani mmoja alichungulia dirishani, asielewe watu wanaoshangilia gari bovu.

"Sasa kirudishe kiti nyuma," Fundi alisema, mama mkwe alipokwisha kushuka. Akawasha, akatikisa tena. Injini ilinguruma bila wasiwasi.

Wote wakakitazama kiti.

"Mama hana mkosi," Fundi alisema. "Kiti ndicho chenye siri."

Alizima gari, akatoa ufunguo, akafungua waya wa betri, akasubiri dakika kadhaa.

"Mbona unasubiri?" mke wa Kinyozi aliuliza.

"Chini ya kiti kuna soketi za njano. Ni za mifuko ya hewa, ile inayofumuka gari likigonga. Ukizichezea zikiwa na umeme, mfuko unaweza kukulipukia usoni. Msiziguse kamwe."

Aliinua kiti, akamulika kwa tochi. Fungu la nyaya lilikuwa limepita chini ya reli ya kiti. Kiti kikiwa nyuma, reli haikuligusa. Kikisogezwa mbele, reli ililikanyaga. Gari likiruka, ililisaga. Nyaya mbili zilikuwa zimechunika, shaba inaonekana. Ngozi ya waya mmoja ilikuwa imeyeyuka na kuwa nyeusi.

"Huu mmoja unaiambia kompyuta kama kuna mtu amekaa mbele. Ukiguswa unadanganya, ndiyo maana mlikuwa na abiria asiyeonekana. Huu mweusi unapeleka umeme kwenye pampu ya mafuta. Ukikatika, injini inakosa mafuta, inazima. Lakini kwa nini umeungua?" Alikwenda kwenye kisanduku cha fyuzi, akarudi na fyuzi moja mkononi. "Hapa panatakiwa fyuzi ya ampea kumi na tano. Hii ni thelathini. Nani aliiweka?"

Wakati huohuo Injinia alikuwa anaingia getini, anapiga mluzi. Mluzi ukakatika.

"Fyuzi ni mlinzi," Fundi aliendelea. "Umeme ukizidi, yenyewe inakatika ili waya usiungue. Ukiweka kubwa kuliko inayotakiwa, mlinzi analala na waya unaungua badala yake. Mngeweza kushika moto mkiwa ndani. Fyuzi ikikatika, tafuta kilichoikata. Na nyaya hizi hazikuwekwa hivi kiwandani. Mtu alizitoa kwenye vibanio vyake."

"Nilikuwa napitisha waya za spika," Injinia alisema, akiangalia viatu vyake. "Mwaka jana. Ili shemeji apate muziki mzuri."

Kinyozi alitaka kumkaripia. Mbele ya mama mkwe hakuweza kumgombeza mwanawe.

Haikuhitajika.

"Njoo hapa," mama mkwe alisema. Injinia akasogea. "Nimeitwa mkosi nyumbani kwa binti yangu. Kumbe mkosi nilimzaa mwenyewe! Mshikie Fundi tochi. Na usifungue mdomo mpaka amalize."

Injinia alishika tochi. Fundi alikata sehemu zilizoungua, akaunga waya mpya wa unene uleule, akafunika kila kiungo vizuri. Akalirudisha fungu kwenye vibanio vyake, mbali na reli. Akaweka fyuzi ya kumi na tano. Kisha akarudisha waya wa betri.

"Tumemaliza?" Kinyozi aliuliza.

"Bado. Kazi haijaisha mpaka tulijaribu gari palepale lilipokuwa linashindwa."

Wakaenda wote, kiti kikiwa mbele hadi mwisho, mama mkwe nyuma na mguu wake. Walipita matuta ya shule mara nne. Mlinzi wa shule aliacha kazi yake akabaki kumtazama mwanamke mwenye nusu ya nywele. Gari halikulia. Halikuzima.

Kinyozi aliegesha, akageuka. Kwa mara ya kwanza alimtazama mama mkwe wake usoni.

"Mama, nisamehe. Nilisema vibaya."

"Ulisema kwa macho," alijibu. "Nimekusamehe. Sasa mmalizie Fundi kichwa, watu wanatutazama."

Jumatatu mazoezi yakaanza tena, na hayakukosekana hata siku moja. Mtaalamu alivuta goti, mama mkwe akalia, akatukana kidogo, akarudi Alhamisi. Baada ya miezi miwili goti lilikunjika. Injinia naye alienda karakana kwa Fundi kuomba afundishwe. Mwezi wa kwanza aliruhusiwa kupima tu, bila kubadilisha chochote.

Siku ya mwisho ya mazoezi mama mkwe aliingia garini mwenyewe, akakunja mguu, akaegemea. Kinyozi aliendesha polepole hadi nyumbani. Alipozima injini, kulikuwa kimya. Akatazama kwenye kioo. Mama mkwe alikuwa amelala, kichwa kimeinama begani.

Kinyozi hakufungua mlango. Mke wake alitoka, akagonga kioo.

"Mbona hamshuki? Limeharibika tena?"

"Shh. Mama amelala."

"Nani amelala?" mama mkwe aliuliza bila kufumbua macho. "Nilikuwa nasikiliza injini."