Rangi Imekukubali

Jioni ile nilikuwa nimetoka tu kununua pamba na spiriti. Duka la dawa ni kona mbili kutoka saluni yangu. Unakwenda na kurudi, chai uliyoiacha mezani haijapoa.

Mimi na uchafu hatuivi chungu kimoja. Wateja wananiita Spiriti, na sioni aibu. Kiti nakifuta, kioo nakifuta, na mteja akiniletea lipstiki iliyopita midomo ya mashoga zake wote namrudishia pamoja na maneno juu. Brashi ndiyo usiseme. Brashi moja, rangi moja, uso mmoja, kisha kwenye maji ya moto. Nimewaona wapambaji wanachovya huku, wanachovya kule, jicho la bibi harusi na jicho la shangazi yake brashi ile ile... Hapana. Nywele zinanisimama.

Zaidi ya kupamba, najaribu vipodozi vya bei mbaya kabla watu hawajavitupia hela zao. Nampaka mdogo wangu, napiga picha, naweka mtandaoni, nasema ukweli. Mdogo wangu ni fundi wa kudarizi, macho ndiyo jembe lake, lakini jioni akishamaliza kazi hunikopesha uso. Ana ngozi nzuri mpaka inaudhi. Dosari yake ni moja, kovu dogo la tetekuwanga kwenye kope ya kulia, na hulioni mpaka afumbe jicho.

Basi nilipofika mlangoni, jua linazama, nikamkuta mwanamke amesimama anatazama picha zetu za dirishani. Mkoba mzuri, viatu vizuri. Usoni amejipaka poda nzito.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Akageuka polepole, akanitazama, akapepesa macho. Na hapo nikaona. Kope ya kulia ilitangulia, ya kushoto ikafuata baadaye, kama mtu aliyechelewa kusikia. Tena hazikufanana. Moja nyeusi ti, nyingine maji ya kunde. Nikasema moyoni, nani kampaka hivi huyu maskini? Ananukia marashi ya gharama, na chini ya marashi kuna harufu nyingine... kitambaa cha kudekia kilicholala ndooni siku nyingi. Nikarudi nyuma nusu hatua.

"Wewe ndiye unayejaribu rangi za watu?" Alinong'ona. Midomo haikuchezacheza sana.

"Ndiye mimi, mama. Karibu ndani."

Hakuingia. Akafungua mkoba, akanipa paleti, kile kisanduku cha rangi za macho. Cheusi, kizito, cha kampuni ambayo vitu vyake mimi huviona kwenye simu tu.

"Ijaribu," akasema. "Ikimkubali mtu, sema tu."

"Nikupate wapi nikimaliza?"

"Nitasikia."

Akaondoka. Mdogo wangu alikuwa ndani, sindano mkononi, anacheka. "Dada, umemkodolea mwenzio macho mpaka nimeona haya mimi."

"Macho hayana pazia," nikamjibu. Siku hizi methali hiyo siwezi kuitamka.

Tulifungua kisanduku chini ya taa. Visahani vya rangi vilipangwa safu mbili, vyote vimejaa isipokuwa kimoja cha mwisho. Hicho kilikuwa kitupu, kinang'aa kama kijiko kipya. Rangi zote zilikuwa za kahawia. Kahawia ya tende, ya kahawa, ya mchanga, ya chai ya maziwa. Mungu anisamehe, zilikuwa nzuri. Katika kazi yangu sijawahi kuona rangi zilizotulia namna ile.

Nikagusa moja kwa kidole. Ilikuwa na joto. Si joto la kitu kilichokaa juani, ni lile la kiti alichotoka kukalia mtu.

Halafu nikaona nywele ya kope imenasa katikati ya ile rangi ya tende. Kinyaa kikanipanda. Paleti ya watu, bei ya shamba, na bado wanaacha nywele zao! Nikachukua kikoleo changu cha nyusi, nikaishika, nikavuta.

Haikutoka.

Rangi ikainuka nayo, kama ngozi inavyoinuka ukivuta unywele. Nikaachia. Ikarudi chini, ikatulia.

"Tupa hicho kitu," mdogo wangu akasema. Alikuwa ameacha kucheka.

"Rangi za krimu ndivyo zilivyo, zinashika." Nilisema kama ninayejua. Nikanyunyiza spiriti juu ya safu zote mbili, kama kawaida yangu. Rangi zikajikunja. Zote, kwa pamoja, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi usingizini.

"Umeona?"

"Spiriti inakausha. Kaa hapo, fumba macho."

Alikaa. Yeye akishaambiwa na dada yake hana pingamizi, na mimi nilikuwa nimeshatekwa na zile rangi. Nikachukua brashi safi, nikachovya kwenye rangi ya tende, nikaanza na jicho la kulia. Mimi huanza jicho moja, nalimaliza kabisa, ndipo nalilinganisha na lile ambalo halijapakwa. Tabia hiyo ya kulinganisha ndiyo iliyotuokolea jicho la pili.

Haikudondoka hata chembe. Ilinyonywa. Kovu la tetekuwanga likazama, kope ikawa laini, jicho likakaa kama la malkia. Nikarudi nyuma hatua, nikainamisha kichwa. Na hapa lazima nieleze, maana watu wananiuliza kwa nini sikunyamaza. Sisi wapambaji tuna neno letu. Hatusemi umependeza, tunasema rangi imekukubali. Tunalisema kutwa, hata kwa mteja aliyepakwa akatoka kama kinyago. Mdogo wangu hunitania kwamba hata tope ningesema limemkubali. Neno hilo limekaa ulimini kama salamu.

"Imekukubali," nikasema.

Tap.

Sauti ndogo, ya ulimi unapoachana na kaakaa. Ilitoka kisandukuni.

Harufu ya kitambaa cha kudekia ikajaa chumba.

"Endelea kufumba," nikamwambia, maana jicho lake la kulia lilikuwa linanitazama.

"Nimefumba, dada."

"Hujafumba la kulia."

"Nimefumba yote." Halafu kwa sauti ndogo sana... "Dada. Nimefumba. Mbona nakuona?"

Nikasogeza taa. Kope ilikuwepo. Ilikuwa imeshuka, imefunika jicho, lakini haikuwa na rangi yoyote. Ilikuwa utando tu, kama ule wa maziwa yaliyochemka, unyevunyevu, una mishipa. Na chini yake mboni inazunguka, inanifuata. Nikageuka nikatapika kwenye beseni la kuoshea brashi. Sisemi haya kwa kupamba. Nilitapika mpaka machozi.

Niliporudisha macho mezani, kisahani kile kitupu kilikuwa kimejaa. Kahawia ya mdogo wangu. Naijua, nimeichanganyia faundesheni miaka yote. Na katikati yake kuna kidoa kidogo cha mviringo, kama alama ya tetekuwanga.

Nikachukua pamba na mafuta ya kutolea rangi, nikamfuta. Akapiga kelele. Pamba ikatoka nyeupe.

"Nataka giza," alikuwa anasema, amebana uso kwa mikono, na bado anaona kati ya vidole. "Dada, nipe giza, nataka kufumba..."

Mikono ilifanya kazi kabla ya akili. Nikanyakua brashi mezani, nikaichovya kwenye kile kisahani cha mwisho, nikaanza kumpaka. Kahawia yake juu ya kope yake. Nampaka, namwambia, "Imekukataa! Imekukataa! Sikia wewe, ile ya kwanza imekukataa!" Sikujua nazungumza na nani. Kisahani kikawa kinapungua, kikabaki chuma kitupu. Nikakwangua hata pembe zake.

Mdogo wangu akashusha pumzi.

"Giza," akasema. "Limerudi." Akaanza kulia, na mimi nikalia naye, nimempakata kama alipokuwa mtoto. Kope ilikuwa kope. Kovu lilikuwa mahali pake.

Mlango ulikuwa wazi. Sikumsikia yule mwanamke akiingia.

Alisimama pale pale kwenye taa, na kwa karibu uso wake ulikuwa viraka. Shavu hili la mtu, shavu lile la mtu. Poda ilikuwa imepasuka kwenye maungio. Nikasimama mbele ya mdogo wangu. Nilikuwa na mkasi mkononi, sijui niliuokota lini.

Hakunijali. Alichukua paleti, akatazama kisahani kitupu, akatikisa kichwa kidogo, kama mteja aliyeambiwa bidhaa imekwisha. Kisha macho yake yakatua kwenye brashi. Akaiokota. Akainusa.

Uso wake ukakunjamana. Kipande cha poda kikadondoka sakafuni, na kilikuwa kinene mno kwa poda. Ninakijua kile alichokuwa nacho usoni, nimekivaa maisha yangu yote. Kilikuwa kinyaa.

"Hukuosha brashi?" akanong'ona.

Nikaitazama ile brashi.

"Uliyompakia mwanzo... ndiyo hiyo hiyo?"

Akaiweka mezani kwa ncha za vidole, akajifuta mkono kwenye nguo, akarudi nyuma. Alikuwa ananionea karaha. Yeye, mimi!

"Uchafu gani huu," akasema, akatoka na kisanduku chake.

Mdogo wangu akacheka, kicheko cha mtu aliyetoka msibani. "Dada, leo umeambiwa mchafu."

Mimi sikucheka. Niliinua brashi kwenye taa. Nywele zake zilikuwa na rangi mbili. Kahawia ya mdogo wangu, na chini yake, karibu na mpini, kahawia ya tende. Ile ya mwenye nywele ya kope isiyong'oka. Brashi niliichoma moto nyuma ya saluni, na moshi wake ulinuka nyama.

Siku hizi nachemsha brashi mpaka mipini inapasuka. Wateja wananilalamikia: "Spiriti, mbona husemi tena rangi imetukubali?" Nawaambia imekaa vizuri. Imekaa vizuri, dada, haya, jitazame.

Mdogo wangu amerudi kwenye sindano zake. Anasema haumwi. Anasema tu kwamba jicho la kulia linatoa machozi lenyewe, hasa magharibi ikiingia, wakati yeye hana huzuni yoyote. Nimemkagua mara nyingi. Kovu lipo. Lakini pembeni mwa kovu kuna alama ya rangi ya tende, nyembamba, na imeota nywele moja ndefu kuliko zote. Sijamwambia. Nilijaribu kuivuta alipokuwa amelala, haikutoka.

Jana tumekaa kibarazani, ananisimulia habari za mama yetu, jinsi alivyougua na asitutambue. Anazungumza kwa uchungu, kichwa ameinamisha kwenye kitambaa chake. Na wakati huo huo ile kope ya kulia ikashuka, taratibu, ikapanda.

Ikanikonyeza.

Kisha ikanikonyeza tena, haraka haraka, mara nyingi, kama mtu aliyefungiwa ndani anavyogonga mlango akisikia nyayo zinapita.

"Mbona unanitazama hivyo, dada?" mdogo wangu akauliza.

Nikamwambia hakuna kitu, hebu endelea.