Chumvi Zizini

Rafiki yangu Alute wa Mtinko akisikia mwanamke anasaga nafaka kwa jiwe, huondoka hapo hata kama chakula kimeshapakuliwa. Alinieleza sababu mara moja tu.

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, baada ya mavuno, yeye na mkewe Kristina walikwenda kupumzika Unguja kwa shemeji yake. Siku moja wakioga baharini, mkono ulimkamata Kristina mguu ukamvuta chini. Alute alizamia, akaokota jiwe, akaupiga mkono ule mpaka akahisi mifupa inavunjika. Ukaachia. Mwenye mkono hawakumwona.

Wakarudi nyumbani, kwenye jembe na ng'ombe. Alama za vidole zilibaki mguuni kwa Kristina.

"Zitafutika," Alute alimwambia.

"Mbona zinauma zaidi, baba?" Kristina akamuuliza mumewe.

Alfajiri moja, Kristina akiwa ndani ya tembe, nyumba yao ya udongo, anasaga mtama gizani, Alute alisikia kishindo zizini. Akatoka mbio. Fahali wake alikuwa akijipigiza kwenye nguzo, pembe imevunjika, anakoroma, damu na povu vinamtoka puani. Fahali alipoanguka, Alute akachomoa kisu amchinje kabla hajafa.

Koo lilipofunguka, yakaruka maji. Yalimjaa Alute mdomoni, ya chumvi, yana mchanga mweupe kama wa Unguja.

"Kristina!" akaita. "Kristina, toka nje!"

Kule ndani jiwe la kusagia lilikuwa bado linakwaruza, taratibu. Kisha likaacha kusaga, likaanza kupiga, na Alute akasikia mifupa inavunjika.