Winga Aliyekufa Kabla ya Kusaini

Mhudumu wa hoteli alibisha mara mbili, hakujibiwa, akafungua kwa ufunguo wake ili abadilishe mashuka. Ndoo ikamponyoka. Kitandani alilala winga aliyekuja mjini kusajiliwa na klabu mpya, shuka limevutwa mpaka kidevuni, na alikuwa amekufa.

Inspekta aliyepewa kesi hiyo alikuwa mama wa makamo ambaye kituo kizima kilimwita Shangazi, maana hakuna jambo lisilomhusu. Alifika saa sita mchana, na kabla hajavua miwani ya jua simu zikaanza kumzonga. Klabu ya zamani: "Huyo tulishamwachia jana, waulizeni wenzetu." Klabu mpya: "Huyo hajasaini, vipimo vya afya vilikuwa vya alasiri, waulizeni wenzetu." Jamani! Wiki iliyopita walikuwa wakimgombania magazetini, leo kila mmoja anamsukumia mwenzake kama sufuria ya moto.

Hata afisa wa bima alikuja mbio. "Afande, kama amefia usingizini, hakuna wa kuwajibika. Bima inalipa aliyefia kazini."

"Kazini kwa nani?"

"Hapo ndipo penye utata," akasema, akijikuna kichwa.

Shangazi akainua shuka. Kifua cha marehemu kilikuwa na vinyweleo, isipokuwa viraka vidogo vya mviringo vilivyonyolewa karibuni. Chini ya magoti, alama ya utepe wa kubania soksi ilikuwa bado imezunguka miguu. Kando ya kitanda palikuwa na njumu zimejazwa magazeti, na magazeti yameloa chepechepe. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima. Shangazi alivitazama vitu hivyo vitatu, akaona haviungani hata kidogo.

Mjane alifika alasiri, mimba ikiwa kubwa, viatu mkononi kwa kuvimba miguu. "Afande, watoto nitawaambia baba yao amekufaje? Kila ninayempigia ananiambia mume wangu si wake."

Shangazi akamshika mkono. Moyo ulimuuma. "Mdogo wangu, bwana alikuwa na kawaida ya kujaza magazeti kwenye njumu?"

"Yule? Thubutu! Anazitupa uvunguni na matope yake. Tumegombana miaka."

Akamgeukia wakala wa marehemu, yaani dalali wa wachezaji, kijana wa suti inayong'aa ambaye jasho lilimtiririka chini ya feni.

"Mara ya mwisho ulimwona wapi?"

"Hapa hapa hotelini, dada. Tulikunywa chai asubuhi, nikamwacha apumzike."

Mfukoni mwake zikatoka dawa za usingizi. Shangazi akadhani amemaliza kazi.

"Ni zangu!" wakala akapiga kelele. "Biashara hii hailazi mtu. Nimuue ili iweje? Maiti haisajiliwi!"

Basi, akawekwa ndani. Kesho yake hospitali ikasema mwilini hamna dawa yoyote, ni moyo tu umesimama. Wakala akaachiwa, Shangazi akarudi sifuri, kichwa kinamzunguka. Daktari wa klabu mpya naye, alipopigiwa, akaapa kwamba hajawahi kumgusa winga huyo. Sasa vinyweleo vilinyolewa na nani?

Akaenda mwenyewe kwenye uwanja wa klabu mpya. Mabomba yalikuwa yakimwagilia majani, na kwenye chumba cha kubadilishia nguo njumu zilipangwa ukutani, kila moja imejazwa magazeti. Akasimama ghafla.

"Hizi anazijaza nani?" akamuuliza mtunza vifaa, mzee aliyekuwa akikunja jezi.

"Mimi, mama. Majani yanamwagiliwa kila asubuhi, nisipozijaza zinapinda. Mkono umezoea, najaza hata bila kufi—" Mzee akakaa kwenye benchi, jezi ikamponyoka.

Shangazi akawaita wote chumbani humo: kocha, daktari, wakala, afisa wa bima, na mjane aliyekataa kubaki nje.

"Huyu bwana alikimbia kwenye majani haya asubuhi ile," akasema. "Na kabla ya hapo alibandikwa waya za mashine ya moyo, ndiyo maana alinyolewa kifuani. Daktari, bado hukumgusa?"

Daktari akamtazama kocha. "Nilimpima mapema. Mapigo yalikuwa mabaya sana. Nikamwambia kocha kwamba mchezaji huyu asikimbie kabisa."

"Mashine nazo hukosea!" kocha akafoka. "Msimu uliopita zilimpitisha mgonjwa wa goti, nikatukanwa na uwanja mzima. Jumamosi nikifungwa nafukuzwa. Nilitaka kumwona kwa macho yangu, mizunguko michache tu." Sauti ikamshuka. "Akaanguka. Nikachanganyikiwa. Hajasaini, bima yetu haimjui, akifia hapa ni mzigo wetu. Nikasema arudishwe hotelini, aonekane alilala."

Mzee alimfuta na kumvisha. Wakala akampitisha mlango wa nyuma wa hoteli, kwa kuwa ana wachezaji wengine wanne klabuni hapo na hakutaka kumuudhi kocha.

"Mmejisumbua bure," afisa wa bima akasema. "Nimesoma mkataba wake: kumwachia ilikuwa ruhusa ya kwenda kupimwa tu. Mpaka asaini kwenu, mkataba wa zamani ulikuwa hai, na vipimo ni sehemu ya kazi. Bima ya klabu ya zamani italipa familia, kisha itawageukia nyinyi, maana mlimwamuru akimbie mkijua."

Shangazi akapumua. Angalau mama huyu hataondoka mikono mitupu. Lakini mjane hakumtazama afisa wa bima.

"Daktari, na yeye mlimwambia?"

"Nani?"

"Mume wangu. Kwamba moyo wake mbovu."

"Nilimwambia kocha."

"Sikuuliza hivyo."

Daktari akainama. "Hakuambiwa."

"Alifurahi sana tulipomwita uwanjani," kocha akanong'ona.

"Lazima afurahi. Angejua, angenipigia simu. Angesema, mke wangu, narudi nyumbani."

Shangazi akatoa pingu, kocha akanyoosha mikono. Daktari naye akanyoosha yake, bila kuambiwa.